K ya Saba

Kwenye kasha la chini, lile lililokuwa likikwama,
shangazi Nyanzobe aliweka herufi nene za mlazo.
Hakuniruhusu kuzigusa mwaka mzima.
Nilifagia, nikafuta wino, nikajifunza kusoma kinyume,
kulia kwenda kushoto, kichwa chini,
hadi mabango ya Barabara ya Stesheni yakaanza kunichanganya.

Siku aliyonifungulia alichukua *a* moja,
akaipuliza, akaiweka kiganjani mwangu.
Nzito kama jino la ng'ombe.
"Tazama vikucha vyake, juu na chini.
Bila hivi neno linateleza kwenye karatasi
kama kuku kwenye sakafu ya saruji."
Na unene?
"Unene ni sauti."
Na kuinama?
Akafikiri. Akasimama, akakatiza duka lote,
akawa mama wa Isevya mwenye dishi la karanga kichwani
ambaye treni ya Mpanda imeshapiga honi:
mnene, kifua mbele, hadondoshi hata punje.
"Hivyo," akasema, akihema.

Lakini chumvi haimwagwi.
Tuliitia kwenye lebo za asali ya Sikonge, neno moja tu, *halisi*;
kwenye risiti, *mali ikiuzwa hairudishwi*;
kwenye kadi za harusi, jina la bibi harusi
(la bwana lilipata nyembamba, na hakuna aliyelalamika
ila bwana mmoja wa Cheyo, ambaye alilipa nusu).
Mwalimu fulani alitaka mtihani mzima upigwe hivyo.
Shangazi alimuuliza kama na nyumbani huongea kwa kupayuka.

Shida ilikuwa *k*.
Herufi zile waliziagiza mapadri kutoka Torino,
na huko kwao *k* ni mgeni wa Krismasi.
Tulikuwa nazo sita. Sita, kwa Kiswahili!
Kwa ajili yake "kesho" iliwahi kuwa "Alhamisi",
na mkutano ukakosa watu.

Ndipo akaja Sikujua, na oda ya kadi mia mbili za arobaini.
Kaka yake alikuwa mshika bendera wa reli,
Kaliua, Uvinza, Malagarasi,
miaka thelathini kila mahali isipokuwa nyumbani.
Maneno aliyaandika kwenye bahasha ya dawa:

*kaka yetu Kakwaya,*
*kumbuka kwako*

Shangazi alihesabu kwa kidole. Akahesabu tena.
Saba.
"Tuseme ndugu yetu?"
"Sikumwita ndugu hata siku moja."

Usiku ule akachonga ya saba kwa kipande cha mninga,
wembe na tupa ya kucha, umeme umekatika,
mimi nimeshika kandili na usingizi.
Alikumbuka kuigeuza uso, kama inavyopasa.
Akasahau kuigeuza kiuno.
Asubuhi prufu ikatoka: herufi zote zinaharakia kulia,
na moja, ya mwisho, kwenye *kwako*,
imeegemea nyuma, visigino vimekita,
kama mtoto anayevutwa mkono kupelekwa kwenye sindano.

Shangazi akachukua wembe upya. Sikujua akamzuia.
Aliitazama mpaka wino ukampaka kidole.
"Iache," akasema.
"Kila likizo ilipoisha
alisimama hivyo pale mlangoni."

Mashine tuliiuza kwa kilo. Risasi walinunua wavuvi wa Igombe,
wakayeyusha herufi kuwa vizito vya nyavu.
Siku hizi nabofya mara mbili, neno linanenepa, linainama,
na *k* ninazo hata za kugawa.
Ya mninga ipo kwenye droo ya risiti,
wino umekaukia kwenye mishipa yake.
Mteja akiuliza ni nini humwambia ni *k*,
naye huigeuza, huigeuza tena,
asiione.